Chai ya Upande wa Pili

Nchi ninayoisimulia ipo, na watu wake wapo, wanakula na kulala kama sisi. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe bado liko kwenye majaribio. Mwaka juzi lilikuwa jingine, na kamati ya jina haijatoa taarifa yake. Bendera nayo ni ya majaribio, imeshonwa kwa uzi mwepesi ili ikibidi ifumuliwe bila hasara. Na Rais, ambaye wananchi wanampenda kwa kadiri walivyoelekezwa, ni Rais wa Majaribio. Yuko kwenye majaribio kwa mwaka wa thelathini na moja sasa. Katiba inasema wazi kwamba rais ataongoza vipindi viwili tu, naye anaiheshimu mno katiba. Ndiyo maana hajaanza hata kimoja.

Mimi naona ni utaratibu mzuri. Daraja likianguka, lilikuwa daraja la majaribio, na waliokuwa juu yake huandikwa kama washiriki. Hospitali ikiishiwa dawa, hutangazwa kwamba zoezi la kuishiwa dawa limefana. Hakuna kiongozi wa nchi ile aliyewahi kukosea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuanza.

Ila watu wanazeeka. Hilo tu ndilo Wizara ya Mazoezi ilikuwa haijalipatia ufumbuzi.

*

Katika mji mkuu aliishi fundi saa mmoja, Kondo Mtengwa, mtu mpole mwenye miwani mizito na vidole vyepesi. Asubuhi alitengeneza saa za watu. Ikifika saa nne alifunga kibanda chake, akaenda kwenye Ukumbi wa Majaribio, ambako wananchi walijifunza biashara ya kununua na kuuza karanga kwa kompyuta. Karanga zenyewe hakuna aliyepata kuziona. Kilichoonekana ni bei yake kwenye skrini, mstari wa kijani ikipanda na mstari mwekundu ikishuka. Kila mwanachama alifunguliwa akaunti ya majaribio, ikatiwa milioni moja za bure ambazo hazingeweza kununua hata kiberiti, akaambiwa ajifunze mpaka Serikali itakaporidhika kwamba anafaa kushika fedha ya kweli.

Chini ya kila meza, upande wa kulia, palikuwa na kitufe chekundu cha mpira. Kilikuwa kitufe cha Anza Upya. Aliyepoteza milioni yake yote aliingiza mkono chini ya meza, akabonyeza, milioni ikarudi kama haikuondoka. Wizara ilikiweka kule chini kwa makusudi, ili mwananchi asionekane hadharani akijikwamua.

Basi ukumbini mle watu walifurahi. Walikuwa kama arobaini, na kwa miaka walikuwa wamejiwekea desturi yao. Wawili wakiuziana, aliyepata faida humnunulia chai aliyepata hasara, akamwambia, "Pole, ya upande wa pili hiyo." Na aliyepata hasara huipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Mzee Fikirini, aliyekaa meza ya jirani na Kondo, alikuwa anapoteza mamilioni kila siku ya Mungu, na alikuwa hajanunua chai kwa fedha yake tangu aingie. Alinenepa kwa hasara.

Kondo alikuwa hodari. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa tajiri wa pili katika mji mzima, kwa majaribio. Jioni alirudi nyumbani kwenye chumba cha kupanga, akakuta kimya.

Zamani hakukuwa na kimya. Alikuwa na mkewe Tunu, mshona nguo, ambaye yeye alimwita Mama Siwema kwa jina la binti yao, sasa ameolewa ng'ambo. Kondo na Tunu walikuwa na kiwanja na msingi wa nyumba, na benki walikuwa na fedha ya kutosha kusimamisha kuta. Kila mwaka Tunu alisema tujenge, na kila mwaka Kondo alisema kwanza tujaribu. Alichora ramani ya nyumba kwa chaki sakafuni wakaishi ndani yake miezi sita, kuona kama jiko litakuwa karibu. Alimtaka Tunu abishe hodi kwenye mlango wa chaki. Tunu alibisha. Kule kwenye kiwanja, majani yaliota juu ya msingi mpaka mbuzi wa watu wakapajua.

Siku moja, miaka minne iliyopita, Tunu alifunga cherehani yake kwa kamba na kusimama katikati ya sebule ya chaki.

"Baba Siwema," alisema, "siku utakayothubutu kufanya jambo moja bila kulijaribu kwanza, niandikie. Nitakuja."

Kisha akapita mahali palipochorwa ukuta, akaenda kwao kusini. Kondo alingoja wiki mbili akidhani mkewe anajaribu kuondoka.

*

Kuhamia akaunti ya kweli halikuwa jambo dogo. Ilibidi kufaulu Mtihani wa Hofu. Wataalamu wa Wizara walikuwa wamegundua kwamba mtu anayefanya biashara kwa fedha ya bure haogopi, na asiyeogopa hajakomaa. Mtahiniwa alikalishwa kwenye kiti, daktari akamshika mkono kuhesabu mapigo ya moyo, na ofisa mmoja akasoma kwenye karatasi kwa sauti nzito maneno haya: "Umepoteza kila kitu." Moyo ukienda mbio, umefaulu. Fikirini alishaufanya mara tisa na kila mara alicheka, mara ya mwisho akaomba na chai.

Siku ya Kondo, ofisa alisoma, "Umepoteza kila kitu," naye Kondo akakumbuka ule upande wa kitanda ambao shuka lake lilikuwa halikunjamani tena. Moyo ulimpiga hata daktari akaachia mkono. Alipewa alama mia kwa mia, ya kwanza katika historia ya Wizara.

Hafla ilifanyika. Alikuja Kaimu Mkurugenzi wa Muda, Mheshimiwa Balthazari Nyakitende, aliyekaimu kwa muda wa miaka kumi na saba, akiwa na hotuba ndani ya bahasha ya hotuba. "Ndugu wananchi," alisema, "leo tunashuhudia, kwa macho yetu ambayo nayo yamekuwa katika maandalizi, mwananchi mmoja akitoka katika hali ya kujiandaa na kuingia katika hali ya kuwa amejiandaa. Serikali yenu haikulala. Serikali yenu ilikuwa inajiandaa kuamka." Watu walipiga makofi ya majaribio, yale ya vidole viwili.

Kisha akasoma kanuni. Aliyegusa akaunti ya kweli haruhusiwi tena kukanyaga Ukumbi wa Majaribio maisha yake yote, asije akawaambukiza wengine wasiwasi. Kondo hakuwa ameijua kanuni hiyo. Aligeuka kumtazama Fikirini, na Fikirini akainamia kikombe chake.

"Ndugu yangu," alisema baadaye mlangoni, "nani sasa atanipa pole?"

Kondo alimwahidi kwamba wataonana. Lakini wote wawili walijua saa za kazi za Serikali, na kwamba kumbi zote mbili hufunguliwa na kufungwa saa zilezile.

*

Ukumbi wa Kweli ulikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ule wa Majaribio, umejengwa kwa mkopo wa nje, na una viti mia tatu. Plastiki za dukani zilikuwa bado hazijavuliwa kwenye viti. Ndani alikuwemo mtu mmoja tu, Bi Asteria, karani wa makamo, aliyekuwa anafuma vitambaa vya makochi. Alipomwona Kondo alisimama haraka, vitambaa vikaanguka. Alikuwa ameripoti kazini miaka kumi na miwili nyuma na hakuwahi kumhudumia mtu. Alikuwa ameshapanga vitambaa vyake juu ya viti vyote mia tatu, na ameanza awamu ya pili.

Kondo alitoa fedha za kuta. Alizihesabu mara tatu, akazisukuma dirishani. Bi Asteria alimweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni nusu inakwenda kwenye akaunti yake, na nusu inazuiwa kama amana ya upande wa pili. Kondo alidhani amana ni dhamana ya kawaida, akatia sahihi. Alipokaa, kwa mazoea alipapasa chini ya meza upande wa kulia. Palikuwa na ubao mtupu.

Akaogopa, na ndani ya hofu ile akafurahi. Mchana uleule alimwandikia mkewe barua: "Mama Siwema, nimefanya jambo moja. Nimetia fedha za kuta kwenye biashara ya kweli. Hapa hakuna kitufe. Njoo." Posta ya nchi ile ilikuwa kwenye majaribio pia, barua zikipelekwa kwanza mahali pasipo penyewe ili kupima njia. Aliambiwa ahesabu miezi miwili.

Akanunua magunia kumi ya karanga. Alitaja bei, akasita, akaipandisha kidogo, akabonyeza. Skrini nayo ilisita, kisha ikaandika: *Mteja wa upande wa pili amekubali.*

Kondo alisoma maneno yale kama mtu aliyesikia hodi. Kumbe yupo mwenzake. Pengine yuko chumba cha nyuma, pengine mji mwingine, naye ametoka kwenye ukumbi wa kelele na kuvuka barabara yake peke yake. Bei ilipopanda na Kondo akapata faida, aliagiza vikombe viwili vya chai, kimoja akampa Bi Asteria.

"Dada, kipeleke upande wa pili," alisema. "Mwambie pole."

Bi Asteria alimtazama kitambo, mdomo wazi kidogo. Kisha akachukua kikombe na kupita nacho kwenye mlango mdogo nyuma ya kaunta.

Baada ya siku mbili Kondo alipata hasara. Alikuwa bado anaitazama skrini alipoona kikombe kimewekwa mbele yake, chai inafuka moshi. "Kutoka upande wa pili," Bi Asteria alisema bila kuinua macho. "Pole." Kondo alipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na tangawizi nyingi, vilevile anavyopenda. Alivua miwani akaifuta, na ikambidi aifute tena.

*

Ndipo zikaanza siku ambazo Kondo, akiulizwa, angeziita njema. Dirishani aliwaona wenzake wa zamani ng'ambo wakicheka, sauti zisifike. Fikirini alimpungia mkono siku za mwanzo, baadaye akawa anasahau. Lakini Kondo alikuwa na mteja wake. Alimjua tabia. Alikuwa mtu mstaarabu, hakupandisha bei kwa jeuri. Akisita Kondo, naye alisita. Kondo akienda kula saa saba, naye hakuuza wala kununua mpaka Kondo arudi. Ijumaa alikuwa mzito kidogo, na Kondo mwenyewe Ijumaa alikuwa mzito, maana ndiyo siku aliyoondoka Tunu. Alianza kuhisi kwamba mtu yule naye ana mtu wake kusini.

Fedha, hata hivyo, zilikuwa zinapungua. Kulikuwa na ada ya kununua, ada ya kuuza, ada ya kukutanisha mnunuzi na muuzaji, na mchango wa hiari wa lazima kwa ajili ya sherehe za Miaka Thelathini na Mmoja ya Kujiandaa. Kondo akipata, alikatwa, akikosa, alikatwa. Alijiliwaza kwamba kinachompungukia yeye kinamwongezea mwenzake, na mwenzake ni mtu mwema.

Mwezi wa pili homa ilimlaza siku tatu. Alilala akitazama dari, na hakuna aliyegonga mlango. Siku ya nne alijikokota mpaka ukumbini, akauliza mteja wa upande wa pili ameuziana na nani siku zote hizo.

"Hakuja," alisema Bi Asteria.

Kondo alikaa kwenye kiti. Mtu asiyemjua hata sura alikuwa ameacha biashara yake siku tatu kwa sababu yeye anaumwa. Hata binti yake hakuwa amepiga simu. Siku ileile alijaza fomu ya Ombi la Kumtambua Mwenzako Katika Biashara, nakala nne, akaandika kwenye nafasi ya sababu: *Nataka kumsalimia.*

Jibu lilikuja baada ya wiki, karatasi yenye mhuri. Lilisema kwamba daftari la wateja wa akaunti za kweli katika Jamhuri lina jina moja, na kwamba mteja wa upande wa pili ni Kondo Mtengwa, fundi saa.

Alivuka ofisi tano mpaka kwa Mheshimiwa Nyakitende, ambaye alimpokea kwa furaha. Alimweleza kwamba Serikali haiwezi kumwacha mwananchi wake auze bila kuwepo mnunuzi, na kwa kuwa wananchi wengine bado wanajiandaa, ile nusu ya amana iliwekwa upande wa pili kwa jina lake mwenyewe, na mashine ikaelekezwa imfuate anavyofanya. Kwa hiyo hakuna mgeni aliyemnyonya hata senti. Faida yote aliyopata imetoka kwa mwananchi, na hasara yote imekwenda kwa mwananchi. "Wewe, bwana," alisema, "ni soko kamili."

Kondo aliuliza swali moja tu, na hakumwuliza Mheshimiwa. Alirudi akamwuliza Bi Asteria: chai je?

Bi Asteria aliweka chini sindano yake ya kufumia. "Ile unayompelekea, niliiweka kule nyuma," alisema. "Siku ukipata hasara, naipasha moto, baba. Sikuweza kukwambia. Ulikuwa umefurahi, na mimi sijamwona mtu amefurahi humu ndani."

Kondo hakumkasirikia. Alikwenda mezani pake akakaa, na kwa kuwa hakujua afanye nini tena, aliuza magunia mawili. Upande wa pili ulisita kidogo, ukakubali.

*

Tunu alikuja Jumanne, kwa basi la asubuhi, barua mkononi. Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi mbele, na Kondo alipomwona mlangoni alisimama hata kiti kikaanguka. Kanuni haikuruhusu asiye na leseni kuingia ukumbini. Bi Asteria alitazama ukutani kwa muda mrefu sana, na Tunu akapita.

Kondo alimweleza yote. Alieleza fedha za kuta, na ada, na upande wa pili, na fomu. Hakuficha neno. Alipofika kwenye ile chai ya kupasha moto, sauti ilikatika, na Tunu akangoja mpaka irudi.

"Kwa hiyo miezi hii yote umekuwa unajiuzia mwenyewe," alisema Tunu.

"Ndiyo, Mama Siwema. Lakini sikujua. Niliogopa kikweli."

Tunu alitazama viti mia tatu na vitambaa vyake. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani ambacho Kondo alikuwa hajakisikia miaka minne, na akaketi kwenye kiti cha jirani, plastiki ikalia. Aliuliza zimebaki ngapi. Kondo akataja. Akapiga hesabu kwa vidole, kama alivyokuwa akipima kitambaa.

"Zinatosha chumba kimoja na bati," alisema. "Kuta nyingine zitangoja. Basi la kurudi linaondoka saa nane. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, Baba Siwema. Nisilipande? Tukafyeke yale majani leo hii?"

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Kondo alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu avuke barabara ile, hakujua kabisa mtu aliye upande wa pili atafanya nini. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku ya mtihani. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na mimi naapa kwamba alilitaka kwa roho yake yote. Lakini alikuwa mzaliwa wa nchi ile, amelelewa humo, ameimba wimbo wake wa taifa wa majaribio kila asubuhi ya utoto wake.

"Ndiyo," alisema. "Tuanze basi na wiki mbili, kwa majaribio. Tuone."

Tunu alimtazama bila hasira, kama anayemtazama mtu dirishani wakati gari limeshawashwa. Kisha akasimama, akakunja barua mara nne, akaiweka mezani. Alimshika bega kidogo. Akamuaga Bi Asteria kwa heshima, akatoka.

Mkono wa kulia wa Kondo uliingia wenyewe chini ya meza. Ulipapasa mbele, ukapapasa nyuma, ukapita kwenye ubao wote mpaka kwenye kona, na kijiti cha mbao kikamchoma kidole. Alikuwa bado anapapasa honi ya basi ilipolia stendi. Ng'ambo, nyuma ya kioo, watu arobaini walikuwa wanacheka kwa jambo fulani, na Fikirini alikuwa anapokea kikombe kwa mikono miwili.

Baada ya muda Bi Asteria alitoka kwenye mlango mdogo. Safari hii hakuipasha moto chai. Alikuwa amechemsha mpya, akaponda tangawizi yake mwenyewe, akaileta polepole isimwagike.

"Kutoka upande wa pili," alisema. "Pole."

Kondo alitoa mkono chini ya meza, akaupangusa damu kwenye suruali. Akapokea kwa mikono miwili, kama desturi ilivyo.

"Mwambie ahsante," alisema, na akainywa.